Nyota, Saa na Mpaka wa Ruzizi

Ukisimama asubuhi kwenye daraja la Ruzizi, unaona mama zetu wanavuka na vikapu vya nyanya na samaki, wengine wanatoka, wengine wanaingia. Maji yenyewe si mapana. Mtoto wa Kadutu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Lakini ng'ambo ni inchi ingine, yenye bendera ingine na makaratasi mengine.

Nani aliuweka mpaka hapa? Kwa miaka mingi niliwajibu wanafunzi wangu vile mimi mwenyewe nilivyojibiwa: Wazungu walikaa Berlin, wakachukua rula, wakakata. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Rula walikuwa nayo, ndiyo. Ila rula inahitaji karatasi, na ramani iliyokuwa kwenye karatasi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye vipimo vya jua, mwezi na nyota, vilivyofanywa na wasafiri wenye homa, kwa saa zilizobebwa kichwani na wapagazi. Vipimo hivyo vilikuwa na makosa. Na makosa ya vipimo vya nyota si kama uchawi: kila kosa lina jina lake, lina alama yake, na mtu mwenye subira anaweza kulifuata paka kulikamata. Ningependa tuyafuate pamoja, kwa sababu katika vilabu vyetu na hata katika kalasi, vijana wanabishana sana juu ya ramani za zamani bila kuuliza zilipimwa namna gani.

Tuanze na maandishi yenyewe. Tarehe 1 Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili alitangaza mipaka ya Dola Huru la Kongo. Upande wetu wa mashariki, mpaka ulifuata digrii 30 ya longitudo mashariki ya Greenwich, ukishuka paka mahali inapokutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Kutoka pale, mstari mnyoofu ulikwenda paka kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, kisha ukapita katikati ya ziwa. Chukua ramani ya leo uweke rula vile. Mstari unaanzia karibu na Gatuna, kwenye mpaka wa Rwanda na Uganda, unakata milima ya Rwanda, unaishia karibu na mahali Ruzizi inapoingia Tanganyika. Ziwa Kivu lote linabaki magharibi ya mstari, pamoja na Gisenyi, Kibuye na Cyangugu.

Msomaji asikimbilie kufurahi wala kukasirika. Mwaka ule wa 1885 hakuna mchora ramani wa Ulaya aliyekuwa ameliona ziwa Kivu. Walikuwa na habari yake tu. Livingstone na Stanley, walipofika kwenye mdomo wa Ruzizi mwezi wa Novemba 1871, waliambiwa kwamba mto ule unatoka katika ziwa moja huko kaskazini. Walihakikisha kwa macho kwamba Ruzizi inaingia Tanganyika, haitoki, kisha wakarudi Ujiji. Ziwa lenyewe lilibaki jina. Mtu wa kwanza wa Ulaya kulifikia na kuandika habari zake alikuwa Mjerumani, von Götzen, mwezi wa Juni 1894. Kwa hiyo mstari ulichorwa miaka tisa mbele ya mtu kupima kitu kilichokuwa chini yake.

Sasa, msafiri wa wakati ule alijuaje yuko wapi? Latitudo, yaani umbali wako kutoka ikweta, inatoka kwenye urefu wa jua saa sita mchana au wa nyota inapofika juu kabisa. Unapima pembe kwa sekstanti, unafungua vitabu vya hesabu za nyota, unatoa, umemaliza. Ukikosea dakika moja ya pembe, umekosea kilomita 1.85 tu. Hiyo njo sababu latitudo za wasafiri wale zilikuwa nzuri kiasi, hata za wale wagonjwa.

Longitudo ni jambo lingine kabisa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, maana yake digrii 15 kwa saa, digrii moja kwa dakika nne. Longitudo ni saa! Ukijua hapa ni saa ngapi kwa jua, na wakati uleule Greenwich ni saa ngapi, tofauti ndiyo longitudo yako. Lakini angalia hatari yake: huku kwetu karibu na ikweta, saa yako ikikosea sekunde nne, umesogea karibu kilomita 2. Ikikosea dakika moja, kilomita 28. Ikikosea dakika mbili, kilomita 55 hivi, zaidi ya upana wote wa ziwa Kivu. Dakika mbili! Sisi ambao tunaanza mkutano wa saa nane saa tisa na nusu tufikiri kidogo.

Nieleze pia jambo moja linalogusa Bukavu yenyewe, ambalo vitabu vya shule havisemi. Baharini mtu anapima jua kutoka kwenye mstari ambako maji na mbingu vinakutana. Milimani hakuna mstari ule. Msafiri wa bara alimwaga zebaki katika sahani ndogo, akatazama jua angani na sura ya jua ndani ya zebaki, akapima pembe kati ya hayo mawili, kisha akagawa kwa mbili. Anayeanza anasahau kugawa. Kosa hilo ni kubwa mno, linajionyesha lenyewe. Lakini hapa Bukavu, kwenye latitudo ya digrii 2 na nusu kusini, jua la saa sita haliteremki kamwe chini ya digrii 64. Mara mbili ya 64 ni 128, na sekstanti nyingi za wakati ule zilikuwa hazipimi mbali kuzidi digrii 120 hivi. Jua lilikuwa juu mno. Msafiri alilazimika kungojea usiku, apime nyota, na usiku wetu wa majira ya mvua munaujua: mawingu juu, mbu chini.

Wenye akili walitumia usiku ule kurekebisha chombo chenyewe. Walipima nyota moja upande wa kaskazini, kisha nyingine ya kusini iliyo karibu na urefu uleule. Sekstanti ikiwa na kasoro ya kuongeza dakika tatu, basi nyota ya kaskazini itakuvuta upande mmoja na ya kusini itakuvuta upande wa pili, na ukichukua katikati kasoro inakufa. Latitudo mbili zikikataana kila usiku kwa kiasi kilekile, kosa liko kwenye chombo. Zikikataana ovyo, kosa liko kwenye mkono au kwenye upepo unaotikisa zebaki. Mimi naona hilo ni somo zuri kuliko mengi tunayofundisha.

Makosa ya kitabu yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hayatetemeki. Mtu anapima vizuri kabisa ukingo wa chini wa jua, kisha anahesabu kana kwamba alipima katikati yake: dakika 16 za pembe, karibu kilomita 30. Au anakosea tarehe. Paka mwisho wa 1924, siku ya wanajimu katika vitabu hivyo ilianza saa sita mchana, si usiku wa manane. Asubuhi ya tarehe 3 kwa watu wote, kitabu kilihesabu bado tarehe 2. Mwezi wa Machi au Septemba, jua linasogea kaskazini au kusini karibu dakika 24 za pembe kwa siku, na kosa la siku moja linahamisha kambi yako zaidi ya kilomita 40. Alama ya kosa hili ni kwamba vipimo vyote vya juma zima vinakubaliana vizuri, na vyote ni vya uongo.

Na saa je? Msafiri alibeba kronometa, saa za gharama zilizotengenezwa kwa ajili ya meli. Meli inayumba polepole, mpagazi anateleza. Mwanzoni mwa 1867, Livingstone akiwa njiani kuelekea ziwa Tanganyika, mtu aliyebeba kronometa zake alianguka nazo. Saa hazikusimama, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa maana saa iliyosimama inakiri kosa lake. Hizi ziliendelea kutembea kwa mwendo uliobadilika, na longitudo zake zikapotoka kwa umbali wa kilomita 30 hivi. Miaka sita baadaye, katika mabwawa ya Bangweulu, mzee yule alikuwa akitafuta njia katika inchi ambayo yeye mwenyewe aliiweka vibaya kwenye ramani. Alikufa huko, kwa Chitambo, mwezi wa Mei 1873. Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake paka pwani. Tabora walikutana na Luteni Cameron, ambaye alichukua baadhi ya vyombo vya marehemu vya kupimia na kuendelea navyo kuja upande wetu. Alifika Nyangwe, kwenye Lualaba, mwezi wa Agosti 1874.

Mwenye kuogopa saa yake alikimbilia mwezi. Mwezi unatembea kati ya nyota kama nusu digrii kwa saa moja, basi ni kama mshale wa saa kubwa ya mbinguni, ambayo haiangushwi na mpagazi. Unapima umbali kati ya mwezi na nyota, kitabu kinakuambia Greenwich ni saa ngapi. Hapa tena, angalia bei: ukikosea dakika moja tu ya pembe, umekosea dakika mbili za saa, yaani kilomita 55. Na mpimaji ana homa, mkono unacheza. Dawa yake ilijulikana: pima mara nyingi, na pima nyota zilizo mashariki ya mwezi na zilizo magharibi yake, ili kosa la upande mmoja lile kosa la upande wa pili. Cameron alipima hivyo mara nyingi. Hata hivyo ramani za wakati ule ziliuweka Ujiji karibu na digrii 30 au kuipita kidogo. Leo tunajua Ujiji uko kwenye digrii 29 na dakika 41. Ziwa lilisukumwa mashariki karibu kilomita 35 au 40. Sasa kumbuka kwamba mstari wa 1885 ulipimwa kwa digrii 30 upande mmoja, na kwa ncha ya Tanganyika upande wa pili. Mguu mmoja ulisimama juu ya nambari, mwingine juu ya ziwa ambalo hakuna aliyejua vizuri liko wapi.

Mlima Mfumbiro ulipata taabu kama hiyo. Speke aliiona milima ya Virunga kwa mbali kutoka Karagwe mwaka wa 1861, na katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 Waingereza waliwafanya Wajerumani wakubali kwamba Mfumbiro ni wa Uingereza, hata ukikutwa kusini ya mpaka. Baadaye ikaonekana Mfumbiro si mlima mmoja, ni safu ya volkano nane. Waligawana kitu ambacho hawakujua hata ni vingapi.

Kivu yenyewe ilianza kugombaniwa mara tu baada ya von Götzen. Mwaka wa 1896 maafisa wa Dola Huru walijenga kambi Shangi, ng'ambo yetu kidogo tu, wakapigana na jeshi la Rwanda. Mwaka wa 1897 askari wa safari ya Dhanis waliasi, na vituo vya Dola Huru upande huu vikaanguka. Wajerumani wakajisogeza paka Ruzizi na ziwa, wakasema mpaka unaofaa ni ule Mungu aliouweka, mto na maji, si mstari wa rula. Tarehe 23 Novemba 1899, Hecq wa Dola Huru na Bethe wa Ujerumani walitia sahihi mapatano ya muda: kila mmoja abaki, tungojee wapimaji.

Wapimaji walikuja. Kuanzia 1900 paka 1902, Kapiteni Bastien upande wa Dola Huru na Kapiteni Herrmann upande wa Ujerumani walifanya kazi ambayo ingefanywa mbele ya 1885. Simu ya waya ilikuwa haijafika Kivu, basi hawakuweza kuuliza Greenwich ni saa ngapi. Walirudi kwa nyota zilezile, lakini safari hii kwa vyombo vizuri, kwa utulivu, na kwa kupima pembe kutoka mlima hadi mlima. Lamp, mnajimu wa Wajerumani, alifia kazini mwaka wa 1901.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema makosa ya nyota yalitupa mpaka. Kazi ya wapimaji iliondoa kosa. Ilionyesha kwamba ziwa lote liko magharibi ya mstari wa 1885. Kama hesabu ingekuwa hakimu, Leopold angeshinda kesi. Lakini mpaka haukufuata hesabu. Ubelgiji iliichukua Kongo tarehe 15 Novemba 1908, wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza wakakutana Brussels mwaka wa 1910, wakakubaliana mwezi wa Mei, na mkataba wa Wabelgiji na Wajerumani ukatiwa sahihi tarehe 11 Agosti 1910: Ruzizi, katikati ya ziwa, kisha volkano, na kisiwa cha Idjwi kwa Ubelgiji. Mpaka wa inchi tatu ukakutana juu ya kilele cha Sabinyo. Mstari wa 1885 ulikufa siku zile, kwa sahihi ya waliourithi, na anayeufufua leo katika mabishano, awe wa upande huu au wa ule, anafufua karatasi iliyochorwa na watu wasiolijua ziwa. Wahavu wa Idjwi hawakuulizwa mwaka wa 1885, wala 1900, wala 1910. Kosa hilo halimo katika kitabu chochote cha hesabu za nyota.

Nilipoelewa mambo haya, niliacha kueleza kwa mdomo tu. Mwezi mmoja wa Novemba niliwapeleka wanafunzi wa kalasi ya tano uwanjani na ubao wa sentimita 60, msumari mmoja uliosimamishwa kwa ekeri, karatasi, na simu ya mkono kwa kujua saa. Namna ni rahisi. Unachora miviringo kuzunguka msumari. Asubuhi unaandika saa ambapo ncha ya kivuli inagusa mviringo, alasiri unaandika tena ikigusa mviringo uleule, unachukua katikati: ndiyo saa sita ya jua. Saa ya Bukavu imewekwa kwa longitudo ya digrii 30, ileile ya Leopold; basi dakika nne za kuchelewa ni digrii moja magharibi ya mstari ule. Mawingu ya Novemba yalitusumbua, tukapata saa sita ya jua kwa dakika nzima tu: 11 h 48. Dakika 12 mbele ya saa ya simu, maana yake digrii 3 mashariki ya 30, maana yake digrii 33.

Mtoto mmoja akafungua atlasi, akaweka kidole. Akauliza: «Mwalimu, sasa siye tunaishi Mwanza?»

Kalasi yote ilicheka, na mimi pia. Kumbe latitudo ya Mwanza ni sawasawa na yetu! Wengine walitaka tufute, tuanze upya. Nikawakataza. Tulirudia mwezi wa Februari, jua zuri, kwa sekunde: 12 h 19 na sekunde 33. Safari hii tulitupwa upande wa pili, kilomita 90 ng'ambo ya Kindu. Niliwaambia watazame makosa yote mawili pamoja. Kosa la chombo lingetuvuta kila mara upande mmoja. Hili linageuka pamoja na miezi. Basi si ubao, ni jua lenyewe. Jua halitembei kama saa: mwanzoni mwa Novemba linatangulia kwa dakika 16 na zaidi, katikati ya Februari linachelewa kwa dakika 14. Msafiri aliyesahau kutazama jedwali hilo alijitupa kilomita mia nne na kitu.

Tuliondoa dakika 14 na sekunde 13 za Februari. Ikabaki dakika 5 na sekunde 20: longitudo ya digrii 28 na dakika 40. Simu ilisema 28 na dakika 51. Tulikuwa tumekosea kilomita 20 hivi, kwenye milima ya magharibi. Niliona inatosha, lakini msichana mmoja wa mstari wa nyuma hakutosheka. Alikwenda kuchukua sahani ya maji, akaiweka juu ya ubao, akainama kutazama. Upande wa magharibi wa ubao ulikuwa chini kwa milimita mbili. Nilichukua chaki, tukahesabu: milimita mbili katika sentimita 60 ni dakika 11 za pembe. Alipoinuka aliniuliza kama wale Wazungu walibeba zebaki kwa sababu hiyo, kwa maana zebaki haiinami.

Nikamjibu ndiyo. Mwaka uliofuata tulianza na sahani ya maji.